Lincoln's New Salem: duka lililofilisika na kura zilizotoka kwenye kaunta yake

Nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokosekana ni afadhali itajwe mapema: kijiji hiki kinaonyesha vizuri magogo, rafu na mapipa, lakini hakifungui daftari la madeni. Na bila daftari la madeni, habari za mwenye duka wa mbuga za nyasi aliyegeuka mbunge hazishikiki.

Lincoln's New Salem ni kijiji cha makumbusho kinachomilikiwa na jimbo la Illinois, Marekani. Kiko juu ya mwinuko unaotazama mto Sangamon, kilomita tatu hivi kusini mwa Petersburg na kama kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Springfield, kando ya barabara namba 97. Kuingia ni bure. Michango ya hiari hupokelewa. Abraham Lincoln aliishi hapa tangu 1831, akiwa na miaka 22, hadi Aprili 1837. Wageni wengi huja wakimtafuta rais, na rais hawamwoni. Aliyeishi hapa ni kijana mrefu aliyepima chumvi na kahawa kwenye mizani, akaingia ubia usio na mtaji, akazama kwenye deni, na katikati ya balaa hilo akachaguliwa kuingia bunge la jimbo.

Kwanza, uhalisia wa majengo. Kijiji kilianzishwa 1829 na James Rutledge na John Camron, waliojenga kinu cha maji mtoni, na kufikia 1840 kilikuwa kimehamwa. Mchapishaji magazeti William Randolph Hearst alinunua eneo hilo 1906, jimbo likalichukua 1919, na nyumba zinazoonekana leo zilijengwa upya kuanzia miaka ya 1930, kazi kubwa ikifanywa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana ajira. Kati ya majengo 23, moja tu ndilo la asili: karakana ya fundi mapipa Henry Onstot, iliyojengwa 1835, ikahamishiwa Petersburg 1840 na kurudishwa 1922. Mengine yote ni nakala. Ni nakala zilizofanywa kwa uangalifu, juu ya misingi iliyochimbuliwa na kwa kufuata kumbukumbu za wazee, lakini anayekuja kugusa ubao ambao Lincoln aliuegemea ajue hivyo kabla ya kuugusa.

Njia ya kutembea ndiyo inayoamua utapata nini. Ukizifuata nyumba jinsi zilivyopangwa, biashara ya miaka sita inakujia vipande vipande, nyuma mbele. Pita hadi ukingo wa juu ya mto na uanzie kwenye duka la Denton Offutt, kisha urudi ndani ya kijiji ukifuata fedha: duka la kwanza la Berry na Lincoln, duka la pili, na la Samuel Hill mwishoni.

Duka la Offutt ni kibanda cha magogo kilichofunguliwa Septemba 1831 kwenye kiwanja cha dola 10. Offutt alikuwa mtu wa mipango mingi kuliko fedha. Majira ya kuchipua ya mwaka huo alimtuma Lincoln na wenzake kupeleka shehena New Orleans kwa mashua bapa, mashua ikakwama juu ya ukuta wa bwawa la kinu cha New Salem, mbele ya kijiji kizima. Baadaye akamweka Lincoln dukani kwa dola 15 kwa mwezi na mahali pa kulala humo humo. Simama mlangoni utazame mtoni: kinu kilikuwa chini hapo. Mkulima aliyeleta mahindi kusaga alingoja zamu yake, na mtu anayengoja huingia dukani, akakaa, akaongea. Kwa duka jipya hapo ni mahali pazuri. Lakini mahali pazuri hapalipi madeni ya wauzaji wa jumla, na kufikia majira ya kuchipua ya 1832 Offutt alikuwa ameanguka. Karani wake alibaki bila kazi ila alikuwa ameshajuana na kaya za eneo zima, pamoja na vijana wakorofi wa Clary's Grove, kitongoji cha jirani, ambao walikuja kuwa wapiga kampeni wake wakubwa.

Hapa ndipo maelezo ya kijiji yanapopwaya. Lincoln hakungoja kufanikiwa ndipo agombee. Machi 1832, duka la Offutt likiwa mahututi, alitangaza nia ya ubunge kupitia gazeti la Sangamo Journal la Springfield. Hoja zake zilikuwa za mtu aliyesimama nyuma ya kaunta: kusafisha mto Sangamon upitike na vyombo, kwa kuwa reli ingegharimu mno, kuweka sheria ya kuzuia riba za kunyonya, na elimu. Mwezi huo huo boti ya mvuke Talisman ilipanda Sangamon hadi karibu na Springfield, na matumaini yakapanda nayo. Maji yakapungua, boti ikageuza haraka, na ilipofika New Salem ilibidi sehemu ya bwawa la kinu ibomolewe ili ipite. Rowan Herndon na Lincoln, walioiongoza kurudi, walilipwa dola 40 kila mmoja. Hakuna boti nyingine iliyokuja kugeuza kijiji kuwa bandari. Kwa mwenye duka habari hiyo ina maana moja: bidhaa zitaendelea kutoka St. Louis kwa mto Illinois hadi Beardstown, kisha kwa mikokoteni ya ng'ombe, na gharama ya mikokoteni itaingia kwenye bei ya kila kikombe cha sukari.

Agosti 1832 Lincoln alishindwa uchaguzi, akiwa wa nane kati ya wagombea 13, kwa kura 657. Lakini katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliopiga kura walikuwa wanaume weupe wa zaidi ya miaka 21, na kura ilipigwa kwa sauti: mtu anasimama mbele ya makarani, anataja jina la anayemtaka, linaandikwa. Kila mtu anasikia. Mfumo wa namna hiyo humfaa mtu anayejulikana kwa sura na ambaye hakuna aliye tayari kumkana mbele ya majirani.

Duka la kwanza la Berry na Lincoln lingepaswa kuwa na bango kubwa linaloeleza jinsi mtu asiye na fedha anavyonunua duka. Ilikuwa hivi. Ndugu wawili, James na Rowan Herndon, walikuwa na duka. James akauza fungu lake kwa William Berry, mtoto wa mchungaji, kisha Rowan akauza lake kwa Lincoln na kupokea hati ya ahadi, yaani maandishi ya kuahidi kulipa siku fulani, badala ya taslimu. Januari 1833 vijana wa Clary's Grove waliingia duka la Reuben Radford, wakanywa na kuvunja kila kilichovunjika. Radford, akiwa amechoka, akauza mabaki kwa William Greene kwa dola 400, karibu zote zikiwa ni hati za ahadi zilizowekewa rehani. Greene akayauza kwa Berry na Lincoln kwa thamani ya dola 750: wakatoa sehemu taslimu, wakabeba hati zake kwa Radford na kumwongezea farasi. Hesabu ukiipitia polepole utaona kwamba rafu zilijaa huku mtaji ukiwa haupo. Mali kauli juu ya mali kauli. Mkulima alichukua kwa mkopo hadi mavuno, akalipa kwa ngozi, nta, asali, manyoya ya bata au mahindi; mwenye duka alipaswa kugeuza vitu hivyo kuwa dola kabla hati zake hazijaiva, yaani kabla siku ya kuzilipa haijafika. Zilipoiva kabla ya mavuno, alikwama.

Duka la pili ndilo jengo zuri kuliko yote kijijini, na ndilo pekee lililojengwa kwa fremu na mbao zilizopasuliwa msumenoni. Nyingine zote ni magogo. Tumia muda hapa. Angalia kaunta na mapipa, kisha usome habari za leseni. Sheria ya Illinois iliruhusu duka kuuza pombe ya kubeba kuanzia robo galoni bila kibali maalumu. Kuuza kwa kinywaji kimoja kimoja, kinywewe hapo hapo, kulihitaji leseni ya nyumba ya wageni. Leseni ya Berry na Lincoln ilitolewa tarehe 6 Machi 1833 kwa dola 7, pamoja na dhamana ya dola 300 ambayo Bowling Green, hakimu wa mtaa, aliiwekea saini kama mdhamini. Kaunti ndiyo iliyopanga bei: nusu painti ya brandi ya Kifaransa senti 25, ramu 18¾, wiski 12½, mlo senti 25, lakini abiria wa gari la farasi la abiria alitozwa 37½, kulala usiku mmoja 12½, na farasi kulala senti 25, yaani mara mbili ya mwenyewe. Saini ya Lincoln kwenye dhamana hiyo haikuandikwa kwa mkono wake, na ndiyo sababu wapo wanaosema kwamba mauzo ya kaunta yalikuwa mradi wa Berry. Inawezekana. Kisheria haikumsaidia chochote.

Wageni hucheka wakiona senti 12½ na 18¾. Si mzaha. Fedha iliyozunguka ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kihispania, dola ikigawanywa katika reale nane, kila moja senti 12½. Reale moja na nusu ni 18¾. Sarafu hizo ziliendelea kuwa fedha halali Marekani hadi 1857. Karani alihesabu kwa mifumo miwili kwa wakati mmoja, na aliyekosea hesabu ya nusu reale siku nzima alimaliza jioni akiwa amepungukiwa.

Ukitoka hapo vuka kwenda duka la Samuel Hill na mwenzake John McNeil. Wengi hulipita haraka kwa kuwa halina jina la Lincoln, au husimama tu kwa sababu McNeil ndiye aliyekuwa mchumba wa Ann Rutledge, binti wa James Rutledge anayesemekana kupendwa na Lincoln. Mapenzi hayo yameshaelezwa vya kutosha kila kona ya kijiji. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba Hill aliuza bidhaa zile zile, kwa wakulima wale wale, kwenye barabara ile ile, na hakufilisika. Alianza na mtaji halisi. Na 1835 aliongeza mtambo wa kuchambua sufu ulioendeshwa na ng'ombe wakikanyaga gurudumu kubwa la mbao lililoinama. Nakala yake ipo kijijini na ndiyo mashine bora ya kueleza kwa watoto. Duka lenye huduma ya pembeni huwavuta wateja hata wasipohitaji chumvi. Kijiji chenye kaya kama 25 hakikuweza kubeba maduka matatu, na kati ya la Hill na la Berry na Lincoln, lililoanguka ni lile lililojengwa kwa hati za ahadi. Maelezo yanayorudiwa daima, kwamba Berry alikunywa bidhaa na Lincoln alisoma vitabu, yana ukweli wake, lakini yanageuza tatizo la mtaji kuwa la tabia.

Duka la Berry na Lincoln lilififia kufikia 1833. Mwaka uliofuata waliwauzia ndugu wawili wa ukoo wa Trent, kwa mkopo tena, na hao wakatoroka kabla hati hazijaiva. Berry akafa Januari 1835 bila kuacha chochote cha maana. Katika ubia wa namna ile kila mbia anawajibika kwa deni zima, si kwa nusu yake. Deni lote likamwangukia aliyebaki hai, takriban dola 1,100. Kwa mshahara wa Offutt wa dola 15 kwa mwezi, hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka sita bila kula. Mwenyewe aliliita kwa utani deni la taifa. Mdai mmoja alikwenda mahakamani, na farasi, tandiko na vyombo vya kupimia ardhi vikapigwa mnada. James Short, mkulima jirani, alivinunua kwa dola 120 na kumrudishia. Tukio hili moja linaeleza mengi kuliko mnara wowote wa kijijini, na halikupewa nafasi linayostahili.

Vyombo vile vilikuwa riziki yake. Mei 1833 aliteuliwa kuwa mkuu wa posta wa New Salem, na mwaka huo huo John Calhoun, mpimaji wa kaunti, akamfanya naibu wake. Kazi zote mbili zilihitaji mtu wa hesabu na mwandiko, yaani karani wa duka. Posta ilikuja mara moja kwa wiki. Mpokeaji ndiye aliyelipa: karatasi moja senti 6 kwa umbali usiozidi maili 30, senti 10 hadi maili 80, 12½ hadi 150, 18¾ hadi 400, na senti 25 kuendelea; karatasi mbili, bei mara mbili. Mkuu wa posta alipata kamisheni, dola 55.70 kwa mwaka mzima wa 1835. Ni kidogo mno. Faida yake ilikuwa kwingine: alisoma magazeti ya watu kabla ya kuyakabidhi, na barua zisizochukuliwa alizitia kwenye kofia na kuzipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Upimaji ulilipa vizuri zaidi, dola 2.50 kwa robo ya sekshen, yaani ekari 160, kwa dira na mnyororo wa futi 66. Na mpimaji hulala kwa mwenye shamba, hula mezani kwake, huamua mpaka kati yake na jirani. Akipima kwa haki, pande zote mbili zinamkumbuka siku ya kura.

Agosti 1834 alishinda kwa kura 1,376, akiwa wa pili kati ya wanne waliochaguliwa na kaunti ya Sangamon. John Dawson aliyeongoza alimzidi kwa kura 14 tu. Alikopa dola 200 kwa Coleman Smoot, sehemu ikaenda kwenye suti ya dola 60, akapanda gari la farasi kwenda Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati huo. Posho ilikuwa dola 3 kwa siku, na kikao cha kwanza kilimwingizia jumla ya dola 258. Muswada wake wa kwanza kupita haukuwa na ufasaha wowote: ulimruhusu Samuel Musick kujenga daraja la kulipia kwenye kijito cha Salt Creek. Kwa mtu aliyewahi kungoja mikokoteni ya bidhaa, daraja ni siasa tosha.

Jambo jingine la kuuliza wahudumu wanaovaa mavazi ya enzi hizo (wapo zaidi majira ya joto, na baadhi yao wanajua mengi wakiulizwa maswali ya hesabu badala ya maswali ya mapenzi): nani aliua New Salem? Mto usiopitika ulianza kazi. Petersburg ikaimaliza. Februari 1836 Lincoln mwenyewe alipima upya viwanja vya Petersburg. Miezi michache baadaye ofisi ya posta ya New Salem ilifungwa. Kaunti ya Menard ilipoundwa 1839, makao yake yakawa Petersburg, na Samuel Hill akahamia huko.

Mambo ya kawaida ya mgeni. Tenga nusu siku. Saa moja haitoshi hata kwa maduka manne. Anza na kituo cha wageni, chukua ramani, na uweke alama kwenye majengo ya biashara kabla ya kutoka. Njia ni za changarawe na udongo, vizingiti vya nyumba viko juu, ndani ni giza hata mchana, hivyo viatu vya kutembea ni lazima na kiti cha magurudumu kitapata shida kwenye milango mingi. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu. Wakati wa baridi thibitisha kabla ya kusafiri. Joto la Julai bondeni mwa Sangamon ni kali na la unyevu, kwa hiyo asubuhi ni bora. Ukisoma majedwali ya bei ya leseni na ya posta kabla ya kufika, utaingia duka la pili ukijua cha kutafuta, na hilo litafidia sehemu ya nyota iliyokosekana.

Kwa anayetaka kumfuata mwenye duka hadi bungeni, Vandalia iko kusini-mashariki, safari ya gari. Ila jengo la bunge linaloonyeshwa huko ni la 1836. Kikao cha kwanza cha Lincoln, kilichoanza Desemba 1834, kilifanyika katika jengo lililotangulia, ambalo halipo tena.